Kabla ya kukitupa kipakatalishi, tuulize kinaugua nini

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu methali hii bila kudhani kuwa ingenirudia mimi mwenyewe, tena kwa sababu ya kipakatalishi.

Usiku wa kuamkia siku ya kuchapisha mitihani ya mwisho wa muhula, chombo changu kilichonitumikia tangu mwaka wa 2017 kiligoma. Dalili zilikuwapo. Kwa miezi kadhaa, nikikiwasha asubuhi, nilipata wasaa wa kunywa kikombe kizima cha chai kabla hakijanifungulia ukurasa mmoja. Usiku huo kilitoa mlio kama wa msumari unaokwaruza bati, kisha kikazima. Ndani yake mlikuwa na maazimio yangu ya kazi ya miaka yote hiyo, alama za madarasa matatu, na karatasi ya fasihi ambayo sikuwa nimeiwekea nakala popote.

Fundi wa kwanza niliyemwendea mjini hakukifungua hata parafujo moja. Aliniuliza nilikinunua lini, akatikisa kichwa, akatoa hukumu: "Mwalimu, hiki kimekwisha. Nunua kingine." Alikuwa radhi kukichukua kwa shilingi 3,000, pamoja na kila kilichokuwamo, na kuniuzia kipya kwa shilingi 68,000. Nami, kwa hofu ya mitihani, nilikuwa tayari nimeanza kupiga hesabu za mkopo kutoka kwa chama chetu cha akiba na mikopo.

Kilichonizuia si busara, bali ni uhitaji. Binti yangu alikuwa ameitwa kujiunga na chuo kikuu, naye pia alihitaji kipakatalishi. Hati yangu ya mshahara isingehimili makato ya vyombo viwili. Ama baba angenunua, ama mtoto.

Ninasimulia haya kwa kuwa najua si peke yangu. Siku hizi mwalimu asiye na tarakilishi ni kama mkulima asiye na jembe. Tathmini ya utendakazi ya Tume ya Huduma za Walimu hujazwa mtandaoni, na alama za wanafunzi hupelekwa kwa Baraza la Mitihani kwa njia iyo hiyo. Mwanafunzi wa chuo naye huandika tasnifu yake kwa chombo hicho na kuituma kwa msimamizi wake. Kwa hivyo chombo kinapougua, tunashikwa na hofu, na mtu aliyeshikwa na hofu ni mnunuzi rahisi.

Hoja yangu ni moja. Uamuzi wa kutengeneza au kununua haufai kutegemea umri wa chombo, bali kiungo kinachougua na kazi ambayo chombo kinatarajiwa kufanya. Daktari hamchimbii mgonjwa kaburi kwa sababu ametimiza miaka sabini. Humpima kwanza.

Fundi wa pili alikuwa kijana aliyekifungua kipakatalishi mbele ya macho yangu na kunieleza kama mwalimu anavyomweleza mwanafunzi. Diski yangu ilikuwa ya aina ya zamani, yenye sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa kila dakika huku kichwa kidogo kikisoma juu yake. Kitu kinachozunguka huchakaa, na ule mlio niliousikia ulikuwa wa diski inayokata roho. Betri nayo ilikuwa imechoka, kwani betri za lithiamu hupungukiwa na uwezo baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa. Feni ilikuwa imezibwa na vumbi la chaki na la barabara, ndiyo sababu chombo kilichemka hata nilipoandika barua tu.

"Mwalimu, hapa hakuna maiti. Kuna mgonjwa mwenye maradhi matatu, na yote yana dawa," aliniambia.

Aliing'oa diski ile, akaiunganisha na tarakilishi nyingine, akaokoa karibu kila kitu. Karatasi ya fasihi haikupatikana. Niliitunga upya kwa kalamu, usiku kucha. Kisha alitia diski mpya isiyo na sehemu inayozunguka, ile ambayo mafundi huiita SSD, akabadilisha betri na kuisafisha feni. Gharama yote, pamoja na ufundi, ilikuwa shilingi 11,800. Chombo kilichokuwa kikinichelewesha kwa muda wa kikombe cha chai sasa huwaka kabla sijavuta kiti.

Hata hivyo, mgala muue na haki umpe. Sitaki msomaji adhani kuwa ninahubiri kutengeneza kila kitu. Kabla ya chombo hiki nilikuwa na kingine, nacho nilikitengeneza mara tatu katika mwaka mmoja kwa kujifariji kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mara ya kwanza ilikuwa nyaya za kioo, ya pili tundu la kuchajia, ya tatu ubao mkuu ambao ndio moyo wa chombo chote. Wiki tano baada ya matengenezo ya tatu kilizima kabisa. Nilipojumlisha risiti niligundua kuwa nilikuwa nimelipa bei ya kipakatalishi kingine bila kukipata. Ufa huzibwa iwapo msingi ni mzima. Msingi ukibomoka, simiti yote itakuwa imepotea bure.

Kutokana na hasara hiyo nimejifunza maswali manne ambayo ningependa kuwashirikisha walimu wenzangu na wanafunzi.

La kwanza, ni kiungo gani hasa kinachougua? Diski, betri, feni, kibodi na aghalabu kioo ni viungo vinavyobadilishwa. Ubao mkuu ulioungua ni habari nyingine. Fundi asiyeweza kukutajia kiungo hajakipima chombo chako, na hupaswi kumlipa.

La pili, matengenezo yatagharimu kiasi gani yakilinganishwa na bei ya chombo kingine cha kiwango hicho hicho? Wengi wetu hulinganisha na bei ya kipya kinachometameta dirishani, na hapo kila tengenezo huonekana rahisi. Linganisha na kilichotumika kinachokitoshea kiatu chako. Mimi nimejiwekea kanuni kuwa gharama ikizidi nusu ya bei hiyo, nitasita.

La tatu, je, chombo chenyewe kinakubali kutengenezwa? Vipakatalishi vingi vyembamba vya siku hizi vimechomelewa kumbukumbu moja kwa moja kwenye ubao, hivi kwamba huwezi kuiongeza hata ukiwa na fedha. Nchini Ufaransa, tangu Januari 2021, sheria humtaka muuzaji wa vipakatalishi aonyeshe alama, kati ya sifuri na kumi, inayoeleza jinsi chombo kinavyotengenezeka. Sisi hatuna alama hiyo, lakini tuna kinywa. Kabla ya kununua, tumuulize muuzaji: betri hutolewaje, na kumbukumbu huongezwaje?

La nne linahusu programu. Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa bila malipo marekebisho ya usalama ya Windows 10 kwa njia ya kawaida. Windows 11 nayo huvikataa rasmi vyombo vingi vilivyotengenezwa kabla ya mwaka wa 2018, hata kama vina afya njema. Changu ni miongoni mwa vilivyokataliwa. Je, huo ndio mwisho? La hasha. Fundi wangu alinitilia Linux, programu endeshi isiyolipiwa, pamoja na LibreOffice ya kuandikia. Sitadanganya kuwa mambo yalikuwa laini. Kwa majuma mawili nilihangaika kutafuta vitufe, na baadhi ya karatasi zangu za zamani za mtihani zilivurugika mistari. Lakini tovuti za tume na za baraza hufunguka vilevile, na kuandika ni kuandika. Mwanafunzi wa usanifu wa majengo anayehitaji programu maalumu isiyokubali Linux ana haki ya kununua chombo kipya. Mwalimu wa Kiswahili hana udhuru huo.

Fauka ya hayo, kuna jambo ambalo fundi wa kwanza hakunitajia na ambalo mimi pia sikuliwaza. Diski aliyotaka kuichukua kwa shilingi 3,000 ilikuwa na majina, alama na nambari za simu za wazazi wa wanafunzi wangu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka wa 2019, na hata kama tusingekuwa nayo, amana ni amana. Mwalimu akiuza chombo kikuukuu, na aing'oe diski kwanza au aifute ipasavyo. Na kabla chombo hakijaugua, aweke nakala ya kazi zake mahali pawili. Laiti ningefanya hivyo, nisingekesha nikitunga mtihani upya.

Tusisahau pia chombo kinakokwenda tukikitupa. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka wa 2024, ulimwengu ulizalisha takriban tani milioni 62 za taka za kielektroniki katika mwaka wa 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa inavyostahiki. Kobalti iliyo katika betri nyingi huchimbwa kwa jirani zetu wa Kongo, katika migodi ya maeneo kama Kolwezi, ambako watu huitafuta hata kwa mikono. Kitu kilichogharimu jasho la namna hiyo hakistahili kutupwa kwa sababu feni yake imejaa vumbi.

Shule zetu nazo zina funzo hapa. Serikali iliyoingia madarakani mwaka wa 2013 iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza, na kuanzia mwaka wa 2016 vishikwambi vikaanza kupelekwa katika shule za msingi. Kununua kulikuwa na shangwe na kamera. Kutengeneza hakuna kamera. Katika shule moja jirani na kwangu nimeona kabati limejaa vifaa hivyo, na mwalimu aliyenifungulia hakujua vingapi vilikufa na vingapi vilikosa betri tu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuvipima. Kwa nini wakuu wa shule wasitenge fungu dogo la matengenezo kila mwaka, sawa na lile la kupaka rangi madarasa? Na kwa nini wanafunzi wanaosoma somo la tarakilishi wasifundishwe kufungua chombo, kusafisha feni na kubadilisha diski? Elimu inayojiita ya umilisi ingepata hapo somo la vitendo lisilohitaji kitabu kipya.

Na binti yangu je? Mkopo nilioukusudia sikuuchukua wote. Nilikopa shilingi 30,000 tu, nikamnunulia kipakatalishi kilichotumika lakini chenye kumbukumbu inayoongezeka na betri inayotoka kwa parafujo nne. Kabla ya kulipa, nilimwacha amuulize muuzaji maswali yale manne. Muuzaji alinigeukia akaniuliza kama binti huyu ni fundi. Nilimjibu kuwa bado, lakini ana macho.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini kabla ya kuung'ang'ania mbacha huo, uukunjue kwanza, utazame umetoboka wapi.