Udugu Uliowekwa Rehani

Wapo wenzetu ambao kila wakitazama filamu za majambazi wa Kiitalia wa New York huinuka wakisifu: ni watu waovu, ndiyo, lakini jamaa zao wanawapenda! Mimi sifa hiyo siikubali. Hao hawapendi jamaa zao, wanawatumia.

Chukueni ukoo wa Bonanno, mmojawapo wa zile koo tano za kijambazi za mji huo. Mkuu wake tangu 1991 alikuwa Joseph Massino, mtu wa Queens, mwangalifu hata akapiga marufuku jina lake lisitajwe. Aliyetaka kumsema aligusa sikio tu. Naibu wake alikuwa Salvatore Vitale, ndugu wa mkewe Josephine. Na huyu hakuwa shemeji wa ukubwani. Walijuana tangu Vitale akiwa mtoto, na inasemekana Massino ndiye aliyemfundisha kuogelea. Massino alipokuwa kifungoni, shemeji ndiye aliyemwendea na kurudi na amri. Palipotakiwa mtu auawe, shemeji alikuwapo.

Sasa sikilizeni hesabu ya mkuu huyu. Aliwahimiza watu wake wawalete wana wao wa kuwazaa waingizwe ukooni, kwa kuwa baba hatathubutu kusema na polisi hali mwanawe naye yumo. Enyi wazazi, msiipite habari hii mbio. Mtoto haletwi arithi kitu. Analetwa ashikwe rehani kwa ajili ya ulimi wa babaye!

Na rehani haikufaa kitu. Vitale alipopatwa na mkono wa sheria, aliona ametupwa, na nyumba yake haikutazamwa kama alivyotarajia. Mwaka 2003 walipokamatwa wote wawili, akageuka. Mwaka uliofuata akapanda kizimbani Brooklyn kutoa ushahidi juu ya mume wa dada yake. Mfikirieni Josephine: mshitakiwa mumewe, shahidi nduguye, naye hana upande wa kuombea ushindi. Massino akapatikana na hatia, mauaji saba yakiwamo. Kisha, mbele ya hatari ya kuhukumiwa kifo kwa kesi nyingine, akafanya lile lile alilomlaumia shemeji: akawa mkuu wa kwanza wa koo hizo tano kushirikiana na serikali, hata akamrekodi kwa siri, humo humo gerezani, mtu aliyekuwa akikaimu nafasi yake.

Mtaniambia huo ulikuwa ukoo mmoja ulioharibika. Haya, tuje kwa ukoo wa Gambino. Mwaka 1976 Carlo Gambino alipofariki, kiti alikuwa amemwachia Paul Castellano, binamu yake na shemeji yake pia, akimruka naibu wake wa siku nyingi. Desemba 1985 Castellano akapigwa risasi mbele ya mkahawa wa Manhattan, kwa amri ya John Gotti, mtu wa ukoo ule ule.

Basi ewe kijana, akikuita mwanangu mtu ambaye fedha zake hazina asili, muulize kwanza wa kumzaa yuko wapi. Maana Gotti, aliyekitwaa kiti cha Castellano, alipofungwa maisha mwaka 1992, alimkaimisha mwanawe. Mwaka 1999 mwana huyo akakiri makosa mahakamani, akaenda jela naye. Kiti kikapokewa na Peter, kaka yake Gotti, ambaye alihukumiwa baadaye na kufia kifungoni mwaka 2021.