Msiwavue Watoto Wetu Masikio Mpakani



Naandika nikiwa na hasira na sitaki ipoe kwanza. Juzi, kwenye kituo kimoja cha kuvukia mpaka kati ya Uvira yetu na Burundi, binti yangu wa miaka saba alivuliwa sikio lake mbele ya watu, likapita mkono kwa mkono kama mali ya magendo.

Nasema sikio kwa sababu ndilo alilo nalo. Hakuzaliwa kiziwi. Alishikwa na homa ya uti wa mgongo akiwa bado mdogo sana. Akapona, lakini tukaja kugundua kwamba ukimwita hageuki. Ugonjwa huo ukishaharibu sikio la ndani, mfupa unaweza kuanza kuota humo na kuziba njia, ndiyo maana madaktari wakatuhimiza tusichelewe. Ndugu zetu walioko Kanada na Ulaya walichanga, na mtoto akapasuliwa India. Wakamwekea waya mwembamba ndani ya sikio. Kwa nje anavaa mashine ndogo nyuma ya sikio, na kisahani chenye sumaku kinachonasa juu ya ngozi ya kichwa. Ukikibandua kile kisahani, hasikii kitu, hata radi ipige juu ya bati.

Siku hiyo tulikuwa tunatoka Bujumbura kuchukua mzigo wake: betri, waya mpya wa kisahani, na dawa ya kukausha unyevu, maana hewa ya ziwa na jasho la mtoto huua mashine hizi upesi. Jeto yetu, ile karatasi ya kuvukia mpaka, ilikuwa sawa. Afisa akauliza, hiyo ya kichwani ni nini? Nikamweleza, nikatoa na karatasi ya daktari. Akaitazama tu akairudisha mezani, kwa kuwa imeandikwa Kiingereza. Akasema anajua redio za mawasiliano akiziona. Mwenzake akanyoosha mkono, akakibandua kisahani kichwani mwa mtoto, mashine ikafuata.

Sumaku ikanasa kwenye mashine ya kubania karatasi. Ikawa mchezo. Wanaibandua, wanainasisha tena, wanacheka. Mtoto ananitazama midomo, ananiuliza kuna nini, na kwa kuwa hajisikii, sauti yake inazidi kupanda. Mstari mzima ulinyamaza, isipokuwa mama mmoja mwenye beseni la ndagala, aliyepaza sauti: “Mumurudishie mutoto kintu yake!” Mama huyo simfahamu. Mungu ambariki.

Kisha wakageukia betri. Betri hizo ni vidonge vidogo vinavyofanya kazi kwa kuvuta hewa. Kila kimoja kina kibandiko, na ukishakitoa, betri inaanza kuisha hata kama hujaiweka kwenye mashine. Nilimwambia afisa. Nilimsihi. Akabandua pakiti nzima, kimoja kimoja, sijui akitafuta nini. Halafu akasema nyingi hivi ni za biashara, kwa hiyo nilipe. Nililipa dola, risiti sikupewa.

Najua tuko katika nchi ya vita na kwamba askari wa mpakani ana haki ya kuuliza. Aulize. Lakini Katiba yetu ya mwaka 2006, ibara ya 49, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa namna inayolingana na mahitaji yake, na Mei 2022 ikatoka sheria nzima ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Sheria hiyo iko Kinshasa. Mpakani haijafika.

Watu wengi hudhani mtoto akishapasuliwa mambo yamekwisha. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mashine inampa mtoto sauti, haimpi maneno. Inabidi afundishwe, neno moja baada ya jingine, kwa miaka: huu ni mlio wa pikipiki, huu ni mlango, hili ni jina lako. Mashine yenyewe hurekebishwa kwa kompyuta na fundi aliyesomea kazi hiyo, na mimi hapa Uvira sijampata wa namna hiyo. Darasani wamebanana, na mvua ikianza kupiga bati hata wenye masikio mazima hawamsikii mwalimu. Mwalimu wake anajitahidi, anamkalisha mbele na kumtazama usoni anaposema. Mwalimu huyo anafanya kazi ambayo hakufundishwa wala halipwi kwa ajili yake.

Nyumbani tumejifunza pia ishara za mikono, maana akioga au akilala mashine haipo. Wako majirani wanaotucheka, eti kwa nini tunaongea kibubu na mtoto ana mashine ya pesa nyingi. Namjibu kila mmoja kwamba mashine huharibika, na mtoto hawezi kukaa bila lugha akisubiri waya.

Na umeme je? Anayo betri nyingine ya kuchaji, ambayo ikijaa humfikisha jioni. Umeme ukikatika usiku, asubuhi nakimbilia kwa vijana wanaochajisha simu kwa sola, nalipa, nasimama palepale nisije nikaibiwa. Waheshimiwa wetu wakati wa kura walituletea fulana na kofia, wakaahidi umeme, barabara ya Bukavu na kingo za mto Mulongwe, ule uliozoa watu na nyumba zao Aprili 2020. Kofia zimechakaa. Kila mvua kubwa ikinyesha milimani bado tunalala na viatu miguuni, mashine ya mtoto ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki shingoni mwangu. Wanaoomba kura zetu wanajua vizuri njia ya kuja kwetu. Baada ya kura njia hiyo huisahau.

Wengine watasema upasuaji kama huu ni mambo ya nchi tajiri. Lakini Tanzania tunachangia nayo ziwa hili hili. Nao walikuwa wakiwapeleka watoto wao India, hadi mwaka 2017 upasuaji huu ulipoanza kufanywa Muhimbili, Dar es Salaam. Waliamua, wakafundisha watu wao, wakaanza. Na Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuiwa, ikiwemo homa hiyo iliyompata wangu. Chanjo zikifika kwa wakati, wazazi wengine hawatalazimika kuandika barua kama hii.

Kwa sasa nawaomba wakubwa wa huduma za mpakani jambo moja tu. Toeni agizo la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kifaransa, mlibandike ukutani: kifaa cha kusikia hakitolewi mwilini mwa mtoto na mtu yeyote isipokuwa mzazi wake, na betri zake hupita kama dawa, bila kufunguliwa na bila kulipiwa. Agizo hilo halihitaji bajeti wala mfadhili. Linaweza kuandikwa leo kabla ya saa sita mchana.

Mama mzazi,
Mulongwe, Uvira