Makro Haijui Kimvita: Maoni Kuhusu Uunganishaji wa Data za Lugha Ndia Kuu

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Hawakuongeza, kwa kuwa hawakuona haja ya kuongeza, kwamba kibaba chenyewe sharti kiwe kizima. Kikiwa na tundu chini, mjazaji atajaza mchana kutwa na jioni akute pishi haikutimia. Makala haya yanahusu tundu la aina hiyo, tundu ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalitoboa kwa mikono yetu wenyewe kila tunaporudi kutoka nyanjani na kuketi mbele ya tarakilishi.

Ndia Kuu ni barabara inayoanzia karibu na Ngome ya Yesu, ile ngome iliyojengwa na Wareno kati ya miaka 1593 na 1596, ikapenya ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa kuelekea bandari ya kale. Ni nyembamba, imebanwa na nyumba zenye roshani za mbao na milango ya nakshi, na vibarazani wazee huketi kwa kahawa tungu na mazungumzo. Kwa mtafiti wa lugha, mahali hapa ni hazina. Hata jina lenyewe ni somo la fonolojia: ‘ndia’ ni Kimvita, na Kiswahili sanifu husema ‘njia’. Wakati wa ukoloni barabara hii iliwahi kupachikwa jina la Vasco da Gama. Jina hilo la kigeni likapita na la wenyeji likabaki. Kilichoshindwa na mkoloni, je, kitashindwa na faili zetu?

Naomba nieleze kisa. Tulikuwa wanafunzi wanane tuliokwenda Ndia Kuu na vichochoro vyake kukusanya msamiati wa Kimvita: majina ya sehemu za nyumba, vyakula, vyombo vya bahari, na maneno ya mazungumzo ya kila siku. Kila mmoja aliandika data yake katika lahajedwali, yaani faili ya tarakilishi iliyogawanywa katika safumlalo na safuwima. Kila neno lilipewa safumlalo yake, na kila habari kulihusu, kama vile maana, mfano wa sentensi na umri wa msemaji, ikapewa safuwima yake. Tuliporejea chuoni tulikuwa na faili nyingi, kwani wengine walifungua faili mpya kila siku, na tulihitajika kuzifanya zote kuwa orodha moja.

Mwenzetu mmoja mwenye ujuzi akajitolea kuandika makro. Kwa asiyeijua, makro ni msururu wa maagizo yanayohifadhiwa ndani ya programu ya lahajedwali ili tarakilishi itekeleze yenyewe kazi ambayo mtu angeirudia mara nyingi kwa mkono. Makro ya kuunganisha huifungua faili ya kwanza katika folda, hunakili safumlalo zote zilizo chini ya vichwa vya safuwima, huzibandika katika laha kuu chini ya safumlalo ya mwisho iliyojaa, huifunga faili ile na kuendea ya pili, kisha ya tatu, hadi folda imalizike. Kazi ambayo ingetuchukua siku mbili za kunakili na kubandika ikakamilika kabla ya chai kupoa. Tulipiga makofi.

Nataka ieleweke mapema kuwa siandiki kuipinga makro. Mtu anayenakili kwa mkono huchoka, huruka mstari, hubandika mara mbili, na hakumbuki alikosea wapi. Makro haichoki, na ikikosea hukosea kwa namna ileile kila mara, hivyo kosa lake laweza kufuatwa na kusahihishwa. Mwanafunzi wa isimu anayetumia wiki nzima kunakili alichoweza kukiunganisha kwa dakika moja anaipoteza wiki ambayo angeitumia kuwasikiliza wazee. Hoja yangu ni nyingine: makro hutekeleza, haiamui. Nasi tuliiachia iamue.

Ilikuwaje? Baada ya kuunganisha, makro yetu iliagizwa pia ‘kusafisha’ data. Usafi huo ulikuwa wa aina tatu. Kwanza, iliondoa maneno yaliyojirudia kwa kutazama safuwima ya kwanza tu, ile ya neno. Katika Kimvita, ‘ndoo’ ni chombo cha kuchotea maji, na pia ‘ndoo’ ni mwito ambao kwa sanifu ni ‘njoo’. Aidha, ‘teka’ ni kuteka maji kisimani, na ‘teka’ ni kile ambacho kwa sanifu huitwa kucheka. Masikio ya Mmvita huzitenga t hizo mbili kwa matamshi, lakini katika tahajia yetu zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Makro ikaliacha neno la kwanza ililolikuta na kulifuta la pili. Kwa hiyo orodha yetu ikawa na mji ambao watu wake huteka maji lakini hawateki kamwe kwa furaha, na wana ndoo nyingi lakini hakuna amwitaye mwenzake aje.

Pili, iliondoa alama zote zisizo herufi, kwa dhana kwamba ni takataka za uchapaji. Mwenzetu aliyekuwa makini aliandika k’aa kwa maana ya mnyama wa baharini atembeaye upande, na kaa kwa maana ya kaa la moto, kwa sababu wazee hulitamka la kwanza kwa mpumuo na la pili bila mpumuo. Mpumuo huo ukafagiliwa pamoja na ritifaa. Hata ‘ng’oa’ ikageuka ‘ngoa’, na msomaji asiyejua asingebaini kama tulizungumzia kung’oa msumari au ngoa ya moyoni.

Tatu, na hili ndilo lililoniuma zaidi, iliagizwa kubadilisha maumbo ‘yasiyo sahihi’ yawe sanifu: ‘ndia’ ikawa ‘njia’, ‘nti’ ikawa ‘nchi’, ‘mtele’ ukawa ‘mchele’. Tulikwenda kutafuta Kimvita, tukarudi na Kiswahili cha kamusi ambacho tulikuwa nacho tangu shule ya msingi. Nilimkumbuka bibi mmoja aliyetusikia tukilitaja jina la mtaa wake kwa matamshi ya darasani. Alitabasamu akasema, “Wanangu, hapa si Njia Kuu, ni Ndia Kuu. Hiyo Njia Kuu ni ya vitabuni mwenu.” Katika orodha yetu safi, hata anwani ya bibi huyo ilikuwa imesahihishwa.

Waliohifadhi faili zao za awali waliweza kurejesha data. Mmoja wetu alikuwa amekwisha kuzifuta zake ili apate nafasi katika diski, akiamini kuwa orodha kuu inatosha. Mzee aliyempa sehemu kubwa ya msamiati wa vyombo vya bahari alifariki kabla hatujarudi Mombasa. Sina budi kukiri kuwa hapo hapakuwa na makro ya kuandika.

Msomaji anaweza kudhani kuwa haya ni masaibu ya wanagenzi tu. La hasha. Mwaka 2020, nchini Uingereza, idara iliyosimamia afya ya umma ilikuwa ikiunganisha kwa njia ya kiotomatiki faili za matokeo ya vipimo vya Korona kutoka maabara mbalimbali. Faili hizo zilimiminwa katika umbo la zamani la lahajedwali lisiloweza kubeba zaidi ya safumlalo 65,536. Zilizozidi hazikuingia, na wagonjwa 15,841 waliothibitishwa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 wakakosekana katika hesabu za kila siku, na ufuatiliaji wa watu waliokutana nao ukachelewa. Mwaka huohuo, kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo ulioyabadilisha baadhi ya majina kwa sababu lahajedwali ziliyasoma kama tarehe na kuyageuza. Ikiwa wataalamu wa tiba wanaweza kupotezewa watu na majina, sembuse sisi na maneno?

Hata hivyo, sisi tunayo sababu ya ziada ya kuwa waangalifu, nayo ni historia ya lugha yetu. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano papa hapa Mombasa, na hapo Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ingawa Kimvita nacho kilikuwa na watetezi wake. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kusimamia usanifishaji huo. Sikusudii kufufua ugomvi wa zamani. Usanifu umetupa vitabu, mitihani na lugha moja ya kusomeana kutoka Mombasa hadi Bukavu, na makala haya yenyewe yameandikwa kwa lugha hiyo. Lakini uamuzi ule ulifanywa na watu waliokaa kikao, wakajadiliana, na majina yao yakajulikana. Agizo la mstari mmoja linalogeuza kila ‘nd’ kuwa ‘nj’ ni kikao cha usanifishaji kisicho na mjumbe wala kumbukumbu. Anayelisoma jedwali baadaye hawezi kujua kuwa uamuzi ulipitishwa. Ataamini kuwa watu wa Ndia Kuu husema hivyo.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ajishughulishe na ngeli na fasihi. Kwa maoni yangu, rai hii ndiyo iliyotuponza. Mwenzetu aliyeandika makro hakukosea katika taaluma yake. Maagizo yake yalitekelezwa barabara. Aliyepaswa kumwambia kuwa ndoo mbili si ndoo moja ni mimi na wenzangu sita, tuliokaa pembeni tukisubiri kupiga makofi. Istilahi kama vile lahajedwali, safuwima na tarakilishi zipo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu za ofisini, lahajedwali ikiwemo, zenye maagizo ya Kiswahili. Hatuwezi tena kusingizia kuwa mlango umefungwa.

Basi tufanyeje? Napendekeza mambo machache ambayo chama chochote cha wanafunzi kinaweza kuyatekeleza bila gharama. Kwanza, kabla ya kwenda nyanjani, wakusanyaji wote wakubaliane kuhusu vichwa vya safuwima na mpangilio wake, kwani mmoja akitanguliza maana na mwingine akitanguliza neno, makro sahili itavibandika vyote chini ya kichwa kimoja bila kuuliza. Pili, umbo lililosikika liwe na safuwima yake isiyoguswa na yeyote, na umbo sanifu liwe na safuwima nyingine kando yake. Kwa njia hiyo ‘ndia’ na ‘njia’ zitakaa pamoja kama majirani, na anayetafuta mojawapo ataiona na ya pili.

Tatu, makro iagizwe kuandika kando ya kila safumlalo jina la faili ilikotoka, ili neno lolote linalotiliwa shaka lirudishwe kwa aliyelisikia. Nne, safumlalo zihesabiwe kabla na baada: jumla ya faili zote sharti ilingane na jumla ya orodha kuu. Hesabu hii ya darasa la tatu ingewaokoa Waingereza, na ingetuokoa sisi. Tano, yanayoonekana kujirudia yatiwe alama tu, yasifutwe. Kufuta kuwe ni kazi ya mtu aliyesoma maana na mfano, si neno pekee. Alama nazo zikubaliwe mapema, kwa kuwa hata ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda huhesabiwa na tarakilishi kuwa vitu viwili. Sita, faili za awali zihifadhiwe mahali pawili na zisifunguliwe ila kwa kusomwa. Nafasi katika diski hununuliwa. Mzee hanunuliwi.

Najua kuwa mapendekezo haya yatapunguza kasi. Badala ya dakika moja, huenda uunganishaji ukachukua alasiri nzima, kwani kutakuwa na orodha ya maneno yaliyotiwa alama inayongoja macho ya binadamu. Lakini alasiri hiyo ndiyo isimu yenyewe. Hapo ndipo wanafunzi wanane watakapobishana iwapo teka hii ni ile, na kugundua kuwa hawana jibu, na kupanga safari nyingine ya kwenda kibarazani kuuliza.

Wazee wa Ndia Kuu walitupa maneno yao bila malipo, kahawa juu yake. Hawakututaka cheti wala barua. Walituamini tu kuwa tutayafikisha. Amana hurudishwa kama ilivyopokelewa, na anayeirudisha ikiwa na pungufu hasemi kuwa mfuko ulitoboka. Tuziandike makro, tufundishane kuziandika, tena kwa Kiswahili. Ila kabla ya kubonyeza kitufe, kila mmoja wetu ajiulize: bibi yule akiifungua orodha hii, ataliona jina la mtaa wake?