Mche wa Mninga Haujafa

Ndugu mkulima, mche wako wa mninga umekauka kiangazi hiki? Usiung'oe!

Majani ya mti yana vitundu vidogo mno. Hewa ya kutengenezea chakula huingia humo. Maji nayo hutoka humo humo. Udongo ukikauka, mti hufunga vitundu. Maji hubaki, lakini chakula hupungua. Ndiyo sababu mninga mkubwa hupukutisha majani.

Mche hufanya zaidi. Shina lake hufa, lakini mzizi hubaki hai na akiba yake ya chakula. Mvua zikinyesha, huchipua tena. Huenda hivyo miaka kadhaa, pengine 10, mpaka mzizi unenepe. Ndipo mche hurefuka.

Wengine husema mbegu ilikuwa mbovu. Si kweli. Wewe chomeka kijiti cha alama pembeni, jembe lisiukate mzizi.