Kifundo Hakiponi kwa Bandeji Peke Yake

Kila michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA inapokaribia, viwanja vya shule za Masasi na Newala, kama vya kwingineko nchini, hushuhudia kosa lile lile. Mwanafunzi huteguka kifundo cha mguu. Mguu huchuliwa kwa nguvu, hukandwa kwa maji ya moto na kufungwa bandeji. Baada ya juma moja uvimbe hupungua, naye hurudishwa uwanjani. Kifundo kikiteguka tena, husemwa kwamba kijana ana mkosi.

Huo si mkosi, ni uzembe. Kuchua na kukanda jeraha bichi huzidisha uvimbe. Kano zinazoshika mifupa ya kifundo huchukua majuma mengi kuunga, ilhali maumivu hutoweka mapema. Na kifundo kilichokwisha kuteguka ndicho chepesi zaidi kuteguka tena. Bandeji hairudishi nguvu wala uthabiti uliopotea. Hivyo hurudishwa na mazoezi.

Wapo wanaodai kwamba mazoezi hayo ni anasa ya klabu za Ulaya. Dai hilo halina msingi. Maumivu yakianza kutulia, kijana akiwa amekaa aandike herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Baadaye asukume unyayo pande zote akishindana na mvuto wa tyubu kuukuu ya baiskeli, anyanyue visigino, asimame kwa mguu mmoja nusu dakika, kwanza akitazama, kisha akifumba macho. Mwisho aruke na kugeuka ghafla. Asiyeweza kurukia mguu ulioumia bila maumivu hajawa tayari kucheza. Naye aliyeshindwa kupiga hatua nne baada ya kuumia apelekwe kwanza hospitali, Mkomaindo, Ndanda au Newala, akachunguzwe mifupa.

Wengine humtaja John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti. Ushujaa wake ni fahari ya Taifa. Lakini yeye alikuwa mtu mzima aliyeamua mwenyewe. Mwalimu anayetamani kikombe hana haki ya kumtwisha mtoto ushujaa huo.

Ni wajibu wa maofisa elimu na maofisa michezo wa wilaya kuagiza kwamba mwanafunzi aliyeteguka asipangwe katika timu kabla ya kushinda majaribio hayo mbele ya mwalimu wake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kikombe hukaa kabatini. Mguu ndio utakaompeleka kijana huyo katika shamba la mikorosho maisha yake yote.