UKURASA WA FUNDI: Simu ya upepo ya gari ikikoroma



Mwezi uliopita tulijifunza kutunza betri ya gari. Mwezi huu tuzungumze juu ya chombo kimoja kinachotumia umeme wa betri hiyo. Chombo hicho ni simu ya upepo, yaani redio ya kusemea na kusikilizia. Utaiona katika magari ya polisi, ya zimamoto, ya wagonjwa na ya hifadhi za wanyama.

Chukua mfano huu. Wewe ni dereva wa gari la wagonjwa. Uko Kilakala, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Mvua imenyesha usiku kucha. Umetumwa kumchukua mama mjamzito upande wa Matombo. Unapita Bigwa, unaelekea Mkuyuni. Mwenzako aliye kituoni anakuita katika simu. Anasema, "Msivuke mto, maji yamejaa." Lakini simu inakoroma. Wewe unasikia, "...vuke mto, maji..."

Umeona hatari yake? Kelele imemeza "msi" tu. Lakini neno la kukataza limegeuka kuwa neno la kuruhusu.

Mawasiliano haya yana kazi kubwa. Mwaka 1996 wenzetu wa Wilaya ya Iganga, nchini Uganda, walianza kutumia simu za upepo kuokoa akina mama. Wakunga wa jadi walipewa simu. Mkunga akiona uzazi ni mgumu, aliita kituo cha afya. Gari la wagonjwa nalo lilikuwa na simu yake. Leo simu za mkononi zimeenea, lakini katika mabonde mengi bado hazishiki vizuri.

Basi simu ya gari ikikoroma, tufanye nini? Madereva wengi huipiga kofi. Wengine huifungua na kuanza kuchokonoa ndani. Usifanye hivyo. Mara nyingi simu yenyewe ni nzima. Kelele inatoka nje yake, na imepata mlango wa kuingilia. Tafuta mlango huo kwanza.

Tafuta hatua kwa hatua

Simamisha gari mahali pa wazi. Vuta breki ya mkono. Mwombe mwenzako wa kituoni ahesabu moja hadi kumi, polepole. Wewe sikiliza.

Kwanza, zima injini. Je, kelele imekwisha? Kama imekwisha, inatoka katika gari lako. Kama bado ipo, zima vitu vingine kimoja kimoja. Anza na kichaji cha simu ya mkononi. Kisha zima taa za LED na feni. Vichaji vya bei rahisi vina kelele nyingi. Kama vyote vimezimwa na kelele bado ipo, sogeza gari mbali na nyaya za umeme za barabarani, usikilize tena.

Pili, washa injini. Kanyaga mafuta kidogo, kisha achia. Sikiliza sauti ya kelele. Kama inasema ta-ta-ta na kuongeza kasi injini inapoongeza kasi, ni cheche za plagi. Kelele hii ni ya injini za petroli. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Kama inalia kama filimbi, na filimbi inapanda na kushuka pamoja na injini, ni altaneta, yaani mtambo unaochaji betri. Kama inakwaruza gari linapotikisika tu, tafuta waya uliolegea.

Tatu, chomoa waya wa antena nyuma ya simu. Kama simu ina kitufe cha kuzuia mvumo, kifungue ili usikie. Kelele ya injini ikitoweka, ilikuwa inaingia kwa antena. Ikibaki, inaingia kwa nyaya za umeme. Angalia sana hapa: usibonyeze kitufe cha kusemea wakati antena imechomolewa. Unaweza kuiunguza simu.

Ziba mlango

Kama kelele inaingia kwa nyaya za umeme, zifuate kwa macho na kwa mkono. Mara nyingi fundi ameunga waya wa simu katika waya wa taa au wa feni. Toa. Peleka nyaya mbili za simu moja kwa moja hadi kwenye betri. Weka fyuzi karibu na betri. Safisha vichwa vya betri, kisha vikaze.

Kama kelele inaingia kwa antena, fungua kitako chake. Je, kuna kutu au rangi chini yake? Kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha kaza. Waya wa antena usipite karibu na nyaya za plagi. Tazama pia utepe wa waya unaounganisha injini na bodi ya gari. Ukikatika au ukishika kutu, kelele huongezeka. Kwa injini ya petroli, tumia plagi zenye kizuizi cha kelele ndani yake. Nyingi zina herufi R katika namba yake.

Angalizo jingine: usichomoe waya wa betri wakati injini inanguruma. Unaweza kuharibu altaneta na simu pia.

Mlima si kelele

Kuna jambo linalowadanganya wengi. Mawimbi ya simu nyingi za magari husafiri kwa kunyooka. Hayapendi kuzunguka milima. Kilele cha Lupanga, juu ya mji wa Morogoro, kina zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Ukiingia nyuma ya mgongo wa mlima, sauti hufifia na mvumo mtupu husikika. Ukizima injini, mvumo haubadiliki. Hapo gari halina ubaya. Sogea mpaka mahali palipoinuka, kisha uite tena.

Wala usihamie masafa mengine ili kukimbia kelele. Masafa hutolewa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Huenda masafa uliyohamia ni ya watu wengine wenye kazi ya haraka kama yako.

Na kama kelele imekukuta safarini? Simamisha gari. Zima injini. Omba ujumbe urudiwe. Kisha wewe mwenyewe uurudie kwa mwenzako: "Nimesikia, nisivuke mto. Ni kweli?" Usiondoke mpaka akujibu. Dakika moja ya kuuliza si hasara.

Maswali ya kuzungumza na wenzako

1. Kwa nini tunazima injini kwanza?
2. Filimbi inayopanda na kushuka inatoka wapi?
3. Antena ikichomolewa, ni kitu gani tusifanye?
4. Utajuaje kuwa ni mlima na si gari?