Uhura Akatazwa Kiswahili Angani

Jioni moja hapa Ewuaso Kedong, nilitazama upya vipindi vikongwe vya Star Trek, mfululizo wa Kimarekani ulioanza kuonyeshwa mwaka wa 1966. Afisa wa mawasiliano chomboni ni Uhura, mzawa wa Afrika ambaye jina lake limetokana na neno letu "uhuru". (Irabu ya mwisho waliibadilisha, lakini hilo nawasamehe.)

Kipindi kimoja cha mwaka wa 1967 kilinikera. Mtambo umemfuta Uhura kumbukumbu, naye muuguzi anamfundisha upya kusoma Kiingereza kama mtoto wa darasa la kwanza. Katika kuhangaika na maneno, Kiswahili kinamtoka chenyewe. Muuguzi anamkanya papo hapo: si Kiswahili, sema Kiingereza!

Binti zangu walicheka. Mimi sikuweza, maana niliwahi kuvishwa kibao shingoni kwa kusema Kimaasai uwanjani mwa shule.

Waama, mtoto anayejibu swali la hesabu kwa Kimaasai ameshaielewa hesabu. Lililobaki ni msamiati tu. Kwa nini basi, walimu wenzangu, tumnyamazishe, kisha tumwandike kuwa mzito wa akili?